Filamu Yetu ya Stesheni, Sasa Bila Mvua

Leicester, Uingereza
Jumapili, alasiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kabla ya jambo lolote kwa sababu barua hii itaingia chumbani mwako bila mimi, na sitaki ionekane haikufunzwa adabu. Goti laendeleaje? Mama aniambia umerudia kwenda msikitini kwa miguu, na ukiulizwa kama lauma wajibu, "Halijambo, lakusalimu," kana kwamba goti ni mgeni aliyetoka Kwale. Tafadhali lipumzishe hata kama lanisalimu. Na Bibi je, macho yake? Nasikia sasa amtambua mtu kwa nyayo na sauti tu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Yale mafua yaliyonilaza yameondoka, na kikohozi kilichobaki ni cha kuyasindikiza.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali tumeongea juzi. Simu yetu, Baba, huwa na watu wengi ndani. Nikikuita wewe, Mama ajibu kutoka jikoni, kaka Bakari aulizia kiatu, watoto wake wapokonyana, na neno nililotaka kukwambia larudi lilikotoka. Kwa hiyo nimeliweka kwenye karatasi. Rehema, binti wa jirani yetu aliyeolewa Mtongwe, ambaye naye afanya kazi huku, anarudi nyumbani kwa likizo, na ameahidi kukupa bahasha hii mkononi mwako wewe, si kwa Mama wala kwa kaka yangu. Ndani yake utakuta na ile diski ya filamu. Isome barua kwanza, tena peke yako. Si habari mbaya. Ingekuwa mbaya ningepiga simu.

Kazi yangu ni ile ile, ya kuwahudumia wazee kwenye makao yao. Nilipokuwa chuoni nikijifunza sayansi ya chembe hai sikudhani kwamba elimu yangu ingeishia kwenye kuchana nywele za watu, lakini siku hizi sioni tena kwamba imeishia hapo. Kuna bibi mmoja, Bi Margaret, ambaye kila asubuhi hunisalimu kwa jina la binti yake. Mwanzoni nilimsahihisha. Nilikuwa nikimwambia kwa upole, "Mimi si Susan, mimi ni Mwanamisi," naye uso wake ulikuwa ukifunga kama duka la Ijumaa saa ya sala. Yapata majira mawili sasa sijamsahihisha. Akiita Susan, naitika. Ananisimulia habari za mbwa niliyekuwa nikimpenda nikiwa mdogo, nami namuuliza mbwa yule alipenda kula nini. Nakuhadithia haya kwa sababu nataka ujue kwamba jambo nitakalokuandikia sasa siliandiki kama hakimu. Mimi mwenyewe nimo humo humo.

Ni habari za filamu ya stesheni.

Bakari alipokuagizieni ile tivi kubwa akanipigia kwa furaha. "Sasa kilichobaki ni ile ya stesheni," akasema. "Kanda yetu imekufa, lakini nimesikia huko ng'ambo wameitoa upya, wameisafisha. Itafute. Kisha uitazame kwanza wewe, msomi wetu, utwambie kama ni ile ile. Idd Mosi, baada ya pilau, twaiweka. Bibi ameshaambiwa, halali kwa hamu." Na nyuma yake nikamsikia wifi yangu Zuhura akisema, "Mimi nitamsomea Bibi kwa Kiswahili yale maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha, asikose hata neno!" Wifi yangu ni mwalimu, na mwalimu hajui kuona maandishi akayaacha.

Kisha ukaja wewe kwenye simu, Baba. Hukuuliza kama nimekula. Uliuliza, "Hiyo mpya ina maandishi?" Nikasema bila shaka inayo. Tukaongea habari za mvua, na baadaye ukauliza tena, "Maandishi hayo hayawezi kuondolewa?" Na tulipokuwa tunaagana ukasema, "Lakini mwanangu, usijisumbue. Kitu cha kale kikisafishwa sana huharibika. Afadhali ukiache huko huko." Nilicheka. Nilidhani ni uzee unaanza kubisha hodi. Nisamehe.

Niruhusu nikukumbushe jinsi mimi ninavyoikumbuka filamu ile, maana nilikuwa mtoto na huenda nimetia chumvi. Kanda uliileta kutoka Changamwe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ulikokuwa ukiuza misumari na saruji. Tajiri wako wa Kihindi alikuwa akihama, akakugawia deki kuukuu ya video na kanda moja. Wakati ule Ami Mbwana, mdogo wako, alikuwa Uarabuni akiendesha lori, na habari zake zilikuwa zimekatika. Nakumbuka Bibi alikuwa akikaa barazani na sahani ya wali magotini, akiupangapanga kwa vidole bila kuutia mdomoni, mpaka kuku wakazoea kumsogelea. Jioni ya kwanza ulipoiwasha ile filamu, alikuja ndani kwa sababu ya muziki tu. Akaketi mkekani. Akauliza, "Wasemaje hao?"

Nawe ukavuta kiti chako cha plastiki, ukakaa kati yake na tivi, ukiwa umeegea upande kidogo ili usimzibe, ukaanza kutafsiri.

Sisi watoto hatukuwa na shaka kwamba Baba anajua Kihindi. Si ulikuwa ukiuza duka la Mhindi? Ulitafsiri kila kitu. Ulituambia yule mama mwenye shali anauza chai kwenye stesheni ndogo ya milimani, ana wana wawili, na yule mkuu wa stesheni mwenye masharubu, ambaye tangu siku hiyo jina lake likawa Masharubu, ni rafiki wa familia. Hata nyimbo hukuziacha. Ule wimbo mrefu anaouimba akimimina chai, ulitwambia ni wimbo wa kulalamika kwamba maji yamechemka na sukari imepanda bei. Nimeuimba utoto wangu wote nikiamini ni wa sukari.

Kisha ile sehemu. Yule mwana mdogo apanda treni kwenda mjini kutafuta kazi. Mvua kubwa yanyesha, mto wafurika. Halafu twamwona Masharubu akitembea polepole, amwendea yule mama, mkono mmoja una taa. Wewe ukasema, nami nayakumbuka maneno yako kama sura niliyohifadhi madrasani: "Amwambia, mama, mwanao yu hai. Treni imezuiwa na maji, lakini yeye amefika mbali, amepata kazi. Asema kikombe chake kikae tayari."

Bibi akasema, "Rudisha hapo."

Bakari akarudisha. Ukasema tena. Usiku ule Bibi alikula. Na tangu siku ile, kila tulipoitazama, alitaka hapo parudishwe, mpaka kanda ikalika mahali pale. Picha ikaanza kujaa ile michirizi myeupe tuliyoiita mvua. Miaka yote ya baadaye, Masharubu alikuwa akitembea ndani ya mvua ya kanda, huoni ila taa yake na sauti yako.

Halafu Ami Mbwana akatokea mlangoni, amekonda kama ufito, na begi moja. Sisi tulipiga mayowe. Bibi hakupiga. Alimwambia, "Kikombe chako kile pale." Hata leo, huyu Ami akiwa na mke na kitambi kule Bamburi, Bibi bado husema kwamba ni filamu iliyompa habari kabla ya watu. Ilipofunguliwa stesheni mpya ya Miritini aling'ang'ania apelekwe akaione, na akamuuliza mlinzi, "Mwenye taa yuko wapi?" Nami nilipoondoka alinitengea kile kikombe changu cha bati cha buluu, akakiweka rafuni, akasema hakinywewi na mtu mpaka nirudi. Natumai watoto wa Bakari hawajakifanya cha kuchotea mchanga.

Basi diski niliyoiagiza ikafika. Nikaitazama mara ya kwanza na Sunita, muuguzi ninayekaa naye nyumba moja, mtu wa Pune kule India, ambaye Kihindi hakukisomea, amekikuta mdomoni. Nilitwaa kazi niliyopewa na Bakari kwa dhati. Hukumu yangu hii hapa, kwanza ya macho.

Ni safi mno. Ile shali ya mama mchai tuliyogombania mimi na Bakari, yeye akisema nyeusi na mimi kahawia, ni ya kijani kibichi kama jani la mgomba, tulikosea sote. Kile kitu cheupe nyuma ya stesheni, ambacho wewe ulisema ni ukuta, ni mlima wenye theluji. Mvuke wa chai waonekana ukipanda hadi kwenye taa. Lakini usafi una mipaka yake, Baba. Masharubu ya Masharubu ni ya kubandika! Gundi yaonekana wazi kwenye pembe ya mdomo, na tangu nilipoiona sikuweza kumheshimu kama zamani. Nyuso nazo zimepigwa pasi. Mama mchai wa kanda yetu alikuwa rika la Bibi, ana mikunjo hadi shingoni. Huyu mpya ni rika la Mama, tena Mama akiwa amejipamba. Tena, ili ijae kwenye tivi za siku hizi, wameikata picha juu na chini, wale watoto wanaocheza relini hawana miguu. Sauti imeongezwa ngoma za radi mahali ambapo palikuwa na ukimya, na ule mlio mdogo wa kijiko kwenye glasi kabla ya wimbo, ambao Bibi aliupenda, umefagiliwa pamoja na kelele. Ndivyo wanavyosafisha: hawajui kipi ni uchafu na kipi ni kitu cha mwenyewe.

Nilikuwa nikiyaandika haya yote kichwani ili nimwambie Bakari. Ndipo tukafika pale.

Hakuna mvua, Baba. Masharubu anakuja, taa mkono wa kulia. Na mkono wa kushoto, ambao sikuwahi kuuona maishani mwangu, mwanzo kwa kuzibwa na kiti chako na baadaye kwa mvua ya kanda, umebeba makubadhi. Madogo, ya kamba nyekundu, yanadondosha maji. Ni yale aliyokuwa amevaa yule mwana mdogo alipopanda treni. Na chini yake maandishi: Daraja limevunjika. Hakupona hata mmoja.

Nikamwambia Sunita, "Maandishi yamekosewa."

"Hayakukosewa. Ndivyo asemavyo."

"Hapana. Anasema mwana yu hai, na kikombe chake kikae tayari."

Sunita akanigeukia. "Nani kakwambia?"

"Babangu. Anajua Kihindi."

"Alijifunzia wapi?"

"Dukani. Changamwe. Kwenye misumari na saruji."

Akajaribu kutocheka, masikini, akashindwa. Akasema, "Basi babako angeweza kumuuzia yule mama bati la kuezekea, lakini habari ile hakuielewa." Nikamtetea. Nikamwambia sehemu inayofuata itathibitisha, kwa kuwa watu wote wanavaa nguo nyeupe na kukusanyika kusherehekea. Hapo Sunita akaacha kucheka. Akanitazama kwa namna ambayo nilijua anakumbuka jambo.

Lazima nikuhadithie jambo hilo. Mwaka jana alinionyesha picha za nyumbani kwao, uani pamejaa watu, wote wamevaa nyeupe pe. Nami kwa furaha nikamwambia, "Hongereni! Nani ameoa?" Alikuwa amefiwa na babu yake. Alidhani namdhihaki, hakunisemesha mpaka nilipompikia mahamri. Mimi kwa upande wangu nilidhani ni desturi ya mji wao tu kuombolezea kwa nguo za sherehe. Kwa sababu tulipokuuliza, tukiwa watoto, mbona yule mama analia na watu wamevaa nyeupe, wewe ulijibu bila kupepesa, "Nyeupe ni ya furaha. Kwani nyinyi Idd hamwoni kanzu? Na yeye alia kwa furaha." Tukatosheka. Nani angebishana na kanzu?

Tuliitazama hadi mwisho. Ile treni ya mwisho inaingia, kijana anashuka, mama anamkabidhi kikombe. Wewe ulisema ni yeye, amerudi. Bakari aliuliza mbona sura si ile, ukasema, "Amekua tu." Mimi nikauliza mbona hana lile kovu la shavuni, ukasema, "Limepona." Maandishi yasema ni kijana mgeni, yatima, ameomba chai, na mama anampa kile kikombe kwa sababu amechoka kukiona kimekaa bure.

Sikulala vizuri. Wewe wanijua, jambo likiniingia hulizungusha mpaka lining'oe. Sikukasirika, Baba, usidhani hivyo hata kidogo. Nilikuwa nakuona pale kwenye kiti cha plastiki, umeigeuzia tivi mgongo ghafla, uso wako kwa mamako, huku habari za kifo zinazungumzwa nyuma yako kwa lugha usiyoijua. Lakini makubadhi uliyaona, na makubadhi hayahitaji tafsiri. Ulikuwa na muda mchache kama wa kupepesa jicho kuamua useme nini. Na mtu uliyekuwa ukimzungumzia si wa kwenye filamu. Ni wewe uliyemtafutia Ami Mbwana ile kazi ya lori. Ni wewe uliyemsindikiza.

Kesho yake Sunita alizima maandishi mwenyewe, akaniambia, "Haya, nitafsirie kama babako." Nikamtafsiria yote, hata sukari kupanda bei. Mwishoni alikuwa akifuta macho. Akasema, "Ya babako ni nzuri zaidi. Lakini yao ndiyo ya kweli." Nikamjibu, "Ami Mbwana alirudi."

Hata hivyo nikafanya uamuzi: nisiitume. Nilimwona Zuhura na sauti yake ya darasani, ameketi karibu na sikio la Bibi mbele ya ukoo mzima, asoma "Hakupona hata mmoja." Nilimwona Bibi akikugeukia kwa macho yasiyoona. Kitu alichokishikilia miaka yote, alichomngojea nacho mwanawe na sasa aningojea nacho mimi, kitolewe mkononi mwake Idd Mosi, tena na mimi ndiye niliyekileta. Nikapanga kumwambia Bakari diski imevunjika njiani.

Nikapiga simu. Bakari hakuwepo, Mama alikuwa na unga mikononi, akamwekea Bibi simu sikioni pale barazani akarudi jikoni. Ndipo Bibi akaniuliza kabla sijamsalimu vyema, "Umeiona?"

"Nimeiona, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ni safi?"

Nilitaka kusema imevunjika. Ulimi ukateleza. Nikasema, "Safi sana, hata makubadhi yaonekana."

Nikajua nimeharibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu afungaye mlango wa chumba kwanza, "Yale ya kamba nyekundu?"

"Bibi! Uliyaona?"

"Naliyaona siku ya kwanza, kanda ikiwa mpya. Macho yangu yalikuwa mazima, wee."

"Lakini Baba alisema..."

"Babako alisema aliyoyasema. Mie nimelea watoto wa Kihindi kule mjini kabla sijaolewa na babu yako. Nimewaogesha, nimewaimbia, nimewatukana, yote kwa Kihindi chao. Nyeupe nisiijue? Neno la kufa nisilijue? Babako ana Kihindi cha misumari."

Baba, sisi sote tulijua kwamba Bibi aliwahi kufanya kazi mjini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kwa nani. Miaka yote ile, mtu pekee katika chumba kile aliyekuwa akiielewa filamu alikuwa yule anayetafsiriwa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kana kwamba ni jambo la kumfundisha mtoto kufunga leso. "Alikuwa amekonda kuliko mie. Hakulala, akizunguka ua kama mlinzi. Ndiye aliyempeleka mdogo wake, na alikuwa akiogopa kunitazama usoni. Siku ile akageuka, akanitazama, akasema Mbwana yu hai. Sasa mie nimwambie mwanangu kwamba yuasema uwongo? Nalimwambia, rudisha hapo. Nataka aseme tena. Kila akisema, alikuwa akipata nguvu kidogo. Nami nikala ili naye ale."

Akaniuliza kama nalia, nikasema ni mafua. Akasema, "Mafua hayo babako pia anayo." Halafu akaanza kutoa amri, unamjua. Nakuandikia kama alivyozitoa, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nikate shauri upya na kuiweka diski ndani ya bahasha hii.

"Mwandikie babako. Usimwambie kwa simu, atalia mbele ya mkewe kisha alikasirikie goti. Mwambie najua, na nilijua, na sina deni naye wala yeye hana nami. Mwambie Zuhura asome moyoni, maana nampenda lakini ana sauti ya kengele. Na mwambie hiyo Idd avute kile kiti chake, akae palepale, anitafsirie. Sina macho tena, sasa namhitaji kweli. Na asinibadilishie hata neno moja. Nikisikia daraja limevunjika nitampiga kwa mkwaju wangu."

Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyapima kama nilivyoipima picha, sikupunguza wala kuongeza.

Kwa hiyo Bakari akikuuliza nimesema nini, kama ni ile ile, mwambie hivi: kwenye diski peke yake, si ile ile. Ni nzuri, ni safi, ni filamu ya watu wengine. Itakuwa ile ile ukishakaa kwenye kiti. Maandishi huondolewa kwa kitufe cha rimoti kilicho chini ya kile chekundu. Bonyeza, kisha shuka mpaka chini kabisa, bonyeza tena, yatatoweka. Fanya hivyo kabla watu hawajaketi, wifi yangu asije akaona hata mstari mmoja. Na mlio wa kijiko kwenye glasi hawakutuachia, basi Mama awe na glasi karibu, wimbo ukianza akoroge. Bibi ataufurahia.

Nisalimie Mama, umwambie mahamri yangu sasa yanavimba, hata Mhindi aliyenuna alinisamehe kwa ajili yake. Msalimie kaka yangu na mwalimu wetu wa nyumba, na watoto wao wapokonyaji. Msalimie Ami Mbwana akija kutoka Bamburi siku ya Idd, umweke karibu na Bibi, hata kama atasinzia kama kawaida yake. Yeye ndiye shahidi wako. Bibi umpe mkono wangu, aubusu au aupige, vyovyote apendavyo.

Nina ombi langu moja, Baba, nalo si la Bibi. Siku hiyo nitakuwa kazini, lakini nimeomba mapumziko yangu yaangukie saa ile. Bakari aweke simu chini ya kiti chako, nami nitanyamaza, hamtanisikia hata nikikohoa. Treni ya mwisho ikiingia na yule kijana akishuka, sema kwa sauti ili ifike huku. Najua si yeye. Nimeyaona maandishi, nimeuona uso wake umesafishwa mpaka kinyweleo, na kovu halikupata kuwapo. Wewe sema tu ni yeye. Sema amekua.

Mwanao mwenye kikombe rafuni,
Mwanamisi